Kwanza Tujue Kinachouma Kiko Wapi



Mtu akitoka Kampala akavuka Nile kuingia Jinja, jina la Nalufenya humpokea mapema. Jina ni moja, lakini limebeba mambo mawili. Kwa mama mwenye mtoto anayechemka homa, Nalufenya ni hospitali ya watoto, sehemu ya Hospitali ya Rufaa ya Jinja, mahali anapokimbilia usiku juu ya bodaboda. Kwa aliyefuatilia habari za mwaka 2017, Nalufenya ni kituo cha polisi. Mwezi Mei mwaka ule, picha za meya wa Kamwenge, Geoffrey Byamukama, akiwa kitandani na vidonda magotini, zilienea nchi nzima. Alikuwa amekamatwa katika uchunguzi wa mauaji ya Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi aliyepigwa risasi Machi 17. Malalamiko ya mateso dhidi ya kituo hicho yalizidi, na Aprili 2018 Inspekta Jenerali mpya wa polisi, Martin Okoth Ochola, akaifunga mahabusu maalumu ya hapo.

Sasa tuwachukue watu wawili. Siwataji majina kwa sababu ni wengi. Wa kwanza ni mama aliyetoka wodini Nalufenya. Mtoto wake aliletwa hajitambui, malaria imepanda kichwani, akaongezewa damu, akapona, wakaruhusiwa. Wiki zimepita na mama bado halali. Usiku anaamka kila mara kumgusa mtoto paji la uso, na moyoni anajilaumu kwamba alichelewa. Wa pili ni kijana aliyewahi kulala mahabusu na kupigwa. Yuko huru sasa, anauza vocha sokoni, lakini akisikia buti zikikanyaga changarawe, mwili unamkimbia. Anajikuta amesimama mgongo ukutani, jasho linamtoka, na wateja wanamshangaa.

Wote wawili wataambiwa na watu wema kwamba wanahitaji ushauri nasaha. Ni kweli. Lakini ushauri upi? Hapo wengi wetu hunyamaza, kana kwamba kuzungumza ni kuzungumza tu. Nataka kukuonyesha jioni hii kwamba njia za tiba ya kisaikolojia ni nyingi, na kila moja huanza kwa kuamua kinachouma kiko wapi: katika yaliyopita, katika fikra, katika mazoea ya mwili, kati ya mtu na wenzake, au nje kabisa ya mtu. Ukikosea hapo mwanzo, utamtibu mtu pasipouma.

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko mmoja. Ushauri kwetu upo tangu zamani. Msichana ana shangazi yake, ssenga kama wanavyomwita Waganda. Kijana ana mjomba. Kuna mchungaji, kuna imamu, kuna wazee wa ukoo. Hao humwambia mtu la kufanya: vumilia, samehe, rudi kwa mumeo, omba Mungu. Mara nyingi husaidia, na asiwepo wa kuwadharau. Tiba ya kisaikolojia huenda mwendo mwingine. Mtaalamu ana maelezo juu ya kinachokuumiza, ana hatua anazofuata, ameweka muda, anapima hali yako mwanzo na mwisho, na siri yako haifiki kwa shemeji zako.

Aliyeifanya kazi hii kuwa fani ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna. Mwaka 1895 yeye na mwenzake Josef Breuer walichapisha kitabu juu ya wagonjwa waliopata nafuu walipopewa nafasi ya kusema. Kwa Freud, kinachouma kimezikwa katika yaliyopita, hasa utotoni, na mwenyewe hakijui. Mgonjwa alilala kwenye kochi, akasema lolote lililomjia, siku kadhaa kwa wiki, pengine kwa miaka. Ukitaka kujua kwa nini njia hii haikuenea Busoga, piga hesabu ya nauli. Hata hivyo imetuachia jambo kubwa: kwamba mtu anaweza kusumbuliwa na kitu asichoweza kukitaja, na kwamba kumsikiliza kwa subira ni kazi yenye ufundi.

Waliofuata walisema, acheni kuchimba; tazameni mtu anafanya nini leo. Mmoja wao alikuwa Mwafrika Kusini, Joseph Wolpe, daktari aliyewatibu askari walioharibiwa na Vita vya Pili vya Dunia na kuona kwamba dawa haziwafikishi mbali. Katika kitabu chake cha mwaka 1958 alieleza kwamba hofu ni kitu mwili ulichojifunza, na mwili ukifundishwa taratibu unaweza kukiacha. Kwa kijana wetu wa sokoni, njia hii ingeanza na kutuliza pumzi, kisha kuisikia sauti ya buti kwa mbali, kisha karibu zaidi, hatua kwa hatua, mpaka mwili ukubali kwamba changarawe ya sokoni si ya kituoni.

Halafu akaja Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani. Alifundishwa kwa njia ya Freud, lakini miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mfululizo wa fikra zinazojirudia: mimi sifai, dunia hainitaki, kesho haina kitu. Akaanza kuzihoji fikra hizo pamoja nao. Leo njia yake na ile ya kina Wolpe zimeunganishwa na kuitwa tiba ya fikra na tabia, na ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote duniani.

Kwa mama yetu wa Nalufenya ingekuwa hivi. Anakaa na muuguzi aliyefundishwa, anasema, "Musawo, mimi ni mama mbaya. Nilimchelewesha mtoto."

"Homa ilipoanza ulifanya nini?"

"Nilimpa Panadol, nikamkanda kwa maji."

"Asubuhi je?"

"Nilikwenda duka la dawa. Nikampigia baba yake atume nauli."

"Nauli ilipofika?"

"Nilipanda boda hapo hapo."

"Jirani yako angefanya haya yote, ungemwita mama mbaya?"

Mama ananyamaza. Muuguzi hajamwambia usijilaumu. Amempa mama kazi ya kupima mwenyewe ushahidi wa lawama yake, na kazi hiyo ataifanya tena nyumbani saa tisa za usiku fikra ile ikirudi. Nchini Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, kuitumia njia hii kwa kina mama wenye sonona. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalikuwa mazuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani likautoa mwongozo huo kwa nchi nyingine.

Lakini tiba hii ina mpaka, na mpaka huo utauona ukipanda kutoka Mbale kwenda Bududa. Machi 1, 2010, mlima uliporomoka Nametsi na kufukia watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 300. Oktoba 2018 maji na matope yakashuka tena Bukalasi. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika ndani ya mji wenyewe wa Mbale. Mama wa mteremkoni anayeshindwa kulala mvua ikinyesha, fikra yake ina kasoro gani? Haina. Anaujua mlima. Kaunsela atakayemkalisha amuulize kama ana ushahidi kwamba mvua itamuua, atajibiwa kwa kidole kinachoonyesha kilima cha pili.

Baada ya maafa ya 2010 serikali iliwahamishia baadhi ya watu Kiryandongo, na baadaye nyumba zikajengwa Bunambutye, wilaya ya Bulambuli. Kule Kiryandongo ardhi ni tambarare. Mtu aliyefika huko akaendelea kuruka kitandani kila radi inapopiga, huyo sasa ndiye wa kina Beck na Wolpe, kwa kuwa hatari imebaki nyuma na hofu imemfuata. Mvua ni ile ile, hofu ni ile ile, lakini tiba haiwezi kuwa ile ile.

Yupo pia Carl Rogers, Mmarekani aliyeanza kuandika juu ya ushauri miaka ya 1940. Yeye alishikilia kwamba mtu hupata nafuu akikutana na msikilizaji asiyejifanya, asiyemhukumu, na anayeona mambo kwa macho yake. Sehemu kubwa ya mafunzo ya washauri wetu imejengwa juu ya msingi huo. Msingi ni mzuri, lakini nyumba haiishii kwenye msingi, kama tutakavyoona.

Sasa tuje kwa njia iliyopata makao hapa Uganda kuliko mahali pengi. Miaka ya 1970 nchini Marekani, Gerald Klerman na Myrna Weissman walisema kinachouma katika sonona mara nyingi kiko kati ya mtu na watu wake: amefiwa, amegombana, maisha yamembadilikia, au hana mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu kutoka Marekani, wakiwamo Paul Bolton na Lena Verdeli, pamoja na wafanyakazi wa World Vision, waliipeleka njia hiyo Rakai na Masaka. Wilaya hizo zilikuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI. Makaburi yalikuwa nyuma ya kila nyumba, na waliobaki walikuwa wamechoka kuishi.

Waliwauliza kwanza wanakijiji wenyewe ni maradhi gani ya moyo waliyoyaona, wakaelezwa hali inayofanana sana na sonona. Kisha wakachagua watu wa kawaida wa eneo hilo, wakawafundisha kwa wiki mbili, wakaunda vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Kikundi kilikutana mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu, wiki 16, katika vijiji 15 kati ya 30 vya utafiti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopata tiba walikuwa na sonona, na asilimia 94 ya wale wa vijiji vya kulinganisha. Mwisho wake, waliotibiwa waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, kwa wenzao ilikuwa asilimia 54.7.

Kinachonivutia zaidi ya takwimu ni marekebisho yaliyofanywa. Mwongozo wa Marekani ulimtaka mwenye ugomvi aseme waziwazi linalomkera. Vijijini Buganda mke hamkabili mumewe namna hiyo; anaweza kupika chakula kibaya makusudi, na mume akionja anajua kuna neno. Walimu wakajifunza kuzihesabu ishara za namna hiyo kuwa mazungumzo. Vivyo hivyo kwa maombolezo: kumsema marehemu vibaya ni mwiko, kwa hiyo ilibidi swali liulizwe kwa adabu ili mjane aweze kukiri kwamba mapenzi na hasira vilikaa ndani ya nyumba moja. Tiba ilivuka bahari, lakini ilivua viatu mlangoni. Shirika la StrongMinds, lililoanzishwa mwaka 2013, limeisambaza nchini likiwa na vikundi vya muda mfupi zaidi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa vikao vinane.

Hata hivyo, kijana wetu wa mahabusu hawezi kuanzia kikundini. Kinachomuuma ni kumbukumbu iliyovunjika vipande, inayomrudia kama jambo linalotendeka sasa hivi. Kwa ajili ya watu kama yeye, Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Ujerumani walitengeneza tiba ya kusimulia maisha, na sehemu kubwa ya majaribio yake ya mwanzo ilifanyika kwenye makambi ya wakimbizi hapa Uganda.

Inaanza na kamba. Inatandazwa sakafuni, upande mmoja kuzaliwa, upande wa pili leo. Mtu anaweka ua pale palipokuwa na heri: siku aliyovaa sare ya shule, siku ya harusi. Anaweka jiwe pale palipokuwa na msiba. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia tangu mwanzo, na akifika kwenye jiwe harukwi wala haharakishwi: uliona nini, ulisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, na sasa hivi ukinieleza unajisikiaje? Msikilizaji anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea, naye anasahihisha. Lengo ni kumbukumbu ile ipate tarehe na mahali, iwe jambo lililotokea na kwisha.

Katika kambi ya Imvepi, wakimbizi wa Sudan waligawanywa katika makundi matatu. Mwaka mmoja baadaye, waliosimulia kwa njia hii waliobaki na kiwewe walikuwa asilimia 29; waliopata usikilizwaji wa kawaida, asilimia 79. Ndiyo maana nilisema msingi wa Rogers peke yake hautoshi kwa jeraha la aina hii. Lakini huko Nakivale, wakimbizi wenyewe walipofundishwa kuwatibu wenzao wa Rwanda na Somalia, njia ya kusimulia na ushauri wa kiwewe wa namna nyingine zilikaribiana sana, na zote ziliwashinda mbali waliokuwa wakifuatiliwa tu. Basi jina la njia si kila kitu. Tangu mwaka 1936 Saul Rosenzweig alishatoa hoja kwamba tiba hizi zina mambo ya pamoja, kama mtu wa kuaminiwa na maelezo yanayoeleweka. Waganga wetu na wachungaji wetu wanavyo hivyo pia, ndiyo maana watu hupata nafuu kwao. Huko Nigeria, daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo, miaka ya 1950, aliwaweka wagonjwa wa hospitali ya Aro kwenye nyumba za wanakijiji na kufanya kazi na waganga wa jadi bila kuacha sindano zake.

Tiba ya kusimulia ina jambo moja zaidi linalohusu Nalufenya moja kwa moja. Moja ya mizizi yake iko Chile, wakati wa utawala wa Pinochet. Wanasaikolojia wa huko walieleza mwaka 1983 jinsi walivyowaandikia walioteswa ushuhuda wao. Karatasi ile ilikuwa tiba, na ilikuwa ushahidi pia. Uganda ina sheria ya kuzuia na kupiga marufuku utesaji tangu mwaka 2012, na tangu mwaka 1993 kuna kituo cha ACTV kinachowatibu na kuwasaidia walioteswa. Kijana wetu akifundishwa tu namna ya kupumua, amesaidiwa kidogo. Akisaidiwa kulipanga lililompata mpaka likasimama kwenye karatasi yenye tarehe, anaweza kuchagua mwenyewe, ama aifungie kabatini, ama aipeleke mbele ya hakimu. Uchaguzi huo ndio alionyang'anywa selini.

Ziko pia tiba zinazokubali mapema kwamba umaskini nao unauma. Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere ametengeneza tiba ya vikundi kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI wenye sonona, akaijaribu Gulu, Kitgum na Pader. Humo watu hufundishwa kukabili huzuni na unyanyapaa, na pia stadi za kujipatia kipato. Hakuna aliyeona haya kuzungumza sonona na mbuzi katika kikao kimoja.

Basi msikilizaji, ukienda wewe au ukimpeleka mtu wako, hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zote zina kitengo cha afya ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya ile ya 1964, na inataka huduma hii ifike mpaka vituo vya afya vya chini. Anayesikia sauti zisizokuwapo, aliyepotewa na akili, mwenye kifafa, hao wanahitaji daktari na dawa kwanza. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Wengine wote, kaeni mbele ya mshauri mkiwa na maswali. Unadhani kinachoniuma kiko wapi? Tutafanya nini, kwa wiki ngapi? Tutajuaje kwamba nimepata nafuu? Nani mwingine atasikia nitakayosema? Mshauri mzuri hatakasirika. Asiye na jibu kwa swali la kwanza, shukuru, aga, tafuta mwingine.

Na kwa wenye madaraka nina neno moja. Madaktari bingwa wa akili nchini ni makumi machache, kwa hiyo kazi hii itabebwa na wauguzi, walimu na majirani waliofundishwa, kama Rakai ilivyoonyesha. Wafundisheni na muwalipe. Lakini msitumie ushauri nasaha kufunika lililo juu yenu. Ukimpeleka kaunsela Bududa bila kumpa mtu kiwanja mbali na mteremko, umempelekea nusu ya tiba. Ukimtibu aliyeteswa huku aliyemtesa akipandishwa cheo, unamwomba mgonjwa apone jeraha ambalo wewe bado unalitia. Kufungwa kwa mahabusu ya Nalufenya kuliwakinga watu ambao hakuna mshauri yeyote angeweza kuwafikia kwa wakati, na mahali pengine popote penye malalamiko kama yale, tiba ianzie hapo.